Kiko cha Hoza

Hapo zamani, enzi za watu waliojua kukaa pamoja bila kusemezana, kulikuwa na kijiji milimani kiitwacho Kwentindi. Baridi ya huko si mchezo. Ukungu uliingia majumbani bila hodi na ukakaa mpaka jua lipande. Sogeeni karibu basi, na wewe unayetafuna muwa tafuna polepole, maana mimi sirudii.

Watu wa Kwentindi walikuwa na tabia moja. Jioni, mtu akishaweka jembe chini, hakwenda kusengenya wala kujilaza. Alichukua kisu akachonga kiko. Nasema kiko cha tumbaku, chenye bakuli mbele na mrija nyuma. Wanaume walichonga, wanawake walichonga, na wasiovuta nao walichonga. Hawakuchonga wakauze. Walichonga ili mwili upoe na kichwa kitulie. Ungewakuta wamekaa kwenye gogo refu mbele ya nyumba ya Bibi Ndekwa, mkubwa wa wachongaji, husikii kitu ila visu, kwaruu, kwaruu, na mtu mmojammoja anapuliza vumbi la mti. Aliyekuja na hasira zake aliambiwa akae achonge. Alipofika kwenye kulainisha kwa majani ya msasa, hasira ilikuwa imekwisha na yeye hakumbuki tena ni nani aliyemkosea.

Lakini kiko kilikuwa na miiko yake. Mtu havuti kiko alichokichonga mwenyewe. Humpa mwenzake, na aliyepewa hukiwasha palepale mbele ya mchongaji. Kuanzia moshi ule, kiko ni chake. Tena kiko hakiombwi. Hata kwa fumbo hakiombwi. Ukimwambia mtu "hicho kizuri", basi umekikosa. Unanyamaza, unangoja mpaka moyo wa mchongaji ukutaje wenyewe. Msinitazame hivyo, sikuitunga mimi miiko hiyo.

Katika kijiji hicho alikuwako mtu jina lake Hoza. Kazi yake ilikuwa kupasua mbao kwa ule msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni. Aliyekuwa shimoni anakula vumbi ni rafiki yake Ngoda. Walipasua mbao pamoja tangu ndevu zao hazijaota, na kutwa nzima walikuwa wakigombana: wewe unavuta mno, wewe unasukuma mno. Jioni walikaa bega kwa bega kwenye gogo la Bibi Ndekwa wakachonga, na pale hawakugombana hata kidogo. Hoza ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote. Viko vyake havikupasuka kwa moto, na mtu akivuta hasikii uchungu ulimini.

Hoza alikuwa na mke, Mamtoi. Sasa huyu Mamtoi alikuwa mvutaji, tena mvutaji hasa, lakini alivutia kiko cha udongo kilichomeguka mdomoni. Mke wa Hoza! Walipooana, Hoza alimwambia, "Nitakuchongea kiko ambacho mlima huu haujapata kukiona." Akawa anangoja mti unaofaa. Mwaka ukapita, na mingine ikapita. Viko vikatoka mikononi mwa Hoza vikaenda kwa jirani, vikaenda kwa shemeji, vikaenda hata kwa mpita njia. Mamtoi hakuuliza. Mwiko ni mwiko, na yeye alikuwa na shingo ngumu. Alisema moyoni, nitapewa au nitakufa na udongo wangu.

Walikuwa na binti mmoja, Mwantumu. Mwantumu alisuka mkeka akauacha nusu. Alilima shamba la ndizi akaliachia magugu. Aliolewa, na hiyo nayo akaiacha akarudi nyumbani. Siku moja, mbele ya watu wote wa gogo, Hoza akamwambia, "Mwanangu, wewe hujawahi kumaliza kitu." Watu wakacheka. Mwantumu hakucheka. Neno lile alilimeza, likakaa.

Haya. Asubuhi moja Hoza yuko juu ya gogo, Ngoda yuko shimoni. Ngoda akavuta msumeno, akaona haurudi. Akapiga kelele, "Vuta basi, mvivu wewe!" Kimya. Alipopanda juu akamkuta mwenzake ameanguka, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Wakambeba mpaka nyumbani. Hakufa, lakini upande wa kulia ulipooza, mkono ukajikunja kifuani ukakaa hapohapo. Na maneno yakamtoka yote. Yule mtu aliyegombana kutwa nzima akabakiwa na neno moja tu.

Ukimsalimia: "Kiko." Ukimuuliza kama ana njaa: "Kiko." Akikasirika: "Kiko! Kiko! Kiko!" Na alikasirika sana. Alitupa bakuli la uji ukutani. Aliwafukuza waliokuja kumjulia hali. Zamani hasira zake aliziacha kwenye kisu, sasa kisu kimemtoka mkononi, na hasira zimekosa pa kwenda.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo mambo yanapoanza. Neno "kiko" ninyi mnalijua. Ni hicho cha kuvutia tumbaku. Lakini watu wa Kwentindi, pale mkono unapokunjika, wengine mnapoita kiwiko, wao walipaita kiko cha mkono. Tena mtu akiuliza kisu kiko wapi, unamjibu kiko pale. Neno moja, njia tatu. Na ndani ya nyumba ile walikuwamo watu watatu, kila mmoja mbishi kuliko mwenzake.

Mamtoi alimwona mumewe ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, pale penye kiungo, na machozi yanamtoka. Hoza akasema, "Kiko." Mamtoi akasema, "Nimesikia, baba Mwantumu. Kiko cha mkono kinauma. Nitakinyoosha."

Ngoda alimwona mwenzake ameegemea dirisha, anatazama njia ya kwenda kwenye gogo la Bibi Ndekwa. Hoza akasema, "Kiko." Ngoda akasema, "Nimesikia, ndugu yangu. Unataka kuchonga kiko. Utachonga."

Mwantumu alimwona baba yake amegeuza uso kuelekea mlimani, amekodoa macho. Hoza akasema, "Kiko." Mwantumu akasema, "Nimesikia, baba. Kuna kitu kiko mahali. Nitakileta."

Mamtoi akawaambia wale wawili, "Mnamsumbua bure, mgonjwa anasema mkono." Ngoda akasema, "Shemeji, nimekaa na mtu huyu kuliko ulivyokaa naye wewe. Anasema kiko." Mwantumu akasema, "Mbona hamsikii? Anasema kitu kiko." Wakanuniana. Kuanzia hapo kila mtu akashika lake.

Mamtoi alichemsha maji, akakanda mkono kwa kitambaa cha moto, akaupaka mafuta ya mbarika, akaanza kuunyoosha. Hoza alilia. Mamtoi akanyoosha. Hoza akamng'ata bega. Mamtoi akanyoosha. Majirani wakasema, "Mama Mwantumu, unamtesa mgonjwa wa watu, huna huruma?" Naye analia kama mumewe, mafuta yanamtiririka mikononi, akawajibu, "Analia kwa sababu mkono una uhai. Siku atakayonyamaza ndiyo nitakayoogopa." Asubuhi akanyoosha, jioni akanyoosha. Masika ikaingia ikatoka, yeye ananyoosha tu. Mkono ukaachana na kifua, kidogo, upana wa jani.

Ngoda naye aliacha kupasua mbao. Angepasua na nani? Kila siku alikuja na vipande vya mti laini, akampa Hoza kisu katika mkono wa kushoto, yeye akashika mti. Kisu kikateleza, mti ukapasuka. Hoza akautupa nje. Ngoda akainuka, akauokota, akauweka pembeni, akatoa kipande kingine. "Leo umeharibu vizuri kuliko jana," akamwambia. Hoza akamrushia kipande usoni. Ngoda akakiokota. Mara ngapi kisu kilimkata kiganja, hata yeye hakuhesabu. Alifunga kitambaa, akarudi kushika. Mtu mmoja akamwambia, "Ngoda, si umchongee wewe, umwekee mapajani, adhani amechonga yeye?" Ngoda akamtazama mpaka yule mtu akakumbuka kwamba ana shughuli kwake.

Na Mwantumu? Mwantumu alianza kwa akili. Akajiambia: baba amesema kiko. Ingekuwa nyundo angesema iko. Ungekuwa mundu angesema uko. Basi ni kitu cha ki. Akaleta kisu, "Ni hiki, baba?" Hoza akatikisa kichwa. Akaleta kikapu. Akaleta kiti, kinu, kibuyu, kifuniko cha chungu. Hoza akatikisa kichwa mpaka akachoka, akageukia mlimani. "Kiko," akasema.

Mwantumu akachukua jembe akapanda mlimani bila kujua anatafuta nini. Akarudi mikono mitupu, matope magotini. Watu wakasema, "Ataacha tu, tunamjua." Akapanda tena. Akarudi mikono mitupu, ruba wamemng'ang'ania miguuni. Watu wakasema, "Kesho hatoki." Kesho yake akapanda. Akatafuta kwenye mashimo ya miti, akatafuta chini ya miamba, akatafuta kwenye njia zote alizopita baba yake akiwa mzima. Mvua ikampiga, akateleza bondeni, ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Akafika kwenye chemchemi moja chini ya jabali, mahali ambapo hata mbuzi hawafiki, akaona mawe yamepangwa juu ya matope. Maji hayapangi mawe. Akayaondoa, akachimba, akagusa kitu kigumu.

Kilikuwa kisiki. Kisiki cha mzeituni wa porini, chenye nundu kubwa, kimekaa kwenye matope miaka na miaka ili utomvu wote utoke na siku ya moto kisipasuke. Hoza alikuwa amekificha. Wachongaji wote huficha mti mzuri, hilo halina ajabu. Mwantumu akakibeba kichwani, akashuka nacho jabalini, akapita katikati ya kijiji bila kumsalimia mtu, akakitua mbele ya baba yake.

Hoza alikitazama. Akacheka, akalia, akakipapasa kwa mkono wa kushoto. "Kiko," akasema. "Kiko, kiko, kiko."

Ngoda alikipindua kisiki akapiga mluzi. "Kumbe ulikuwa na mti huu ukanificha, mwizi wewe!" Hoza akacheka zaidi.

Kisiki kikakaushwa kivulini taratibu, Mwantumu anakigeuza kila siku kama mama anavyomgeuza mtoto mgonjwa. Wakati huo Mamtoi hakuacha mkono, na Ngoda hakuacha vipande vya mti laini. Kilipokauka, Hoza akaanza. Mkono wa kulia sasa ulifika kwenye mti, ingawa ulitetemeka. Kisu akakihamishia kulia, kwenye makazi yake ya zamani. Ngoda akashika kisiki kwa mikono miwili. Kwaruu. Akapumzika. Kwaruu. Na nyumba ile, ambayo mlikuwa mkisikia humo mabakuli yakivunjika, ikatulia. Hoza alichonga unyoya mmoja wa mti, akaufuata kwa macho mpaka ukaanguka, akashusha pumzi. Uji akaumaliza. Wageni wakaruhusiwa kuketi. Sikilizeni niwaambie, yule mtu alikuwa mgonjwa bado, lakini alikuwa na raha.

Ikafika siku ya kutoboa tundu la moshi. Hapo ndipo viko hufa. Unapasha chuma chembamba mpaka kiive, unakipitisha katikati ya shina, kinyoofu, mpaka kitokee kwenye bakuli. Kikienda kombo, kazi yote ni kuni. Mwantumu alikuwa kwenye moto anavukuta. Mamtoi akamtazama mumewe, akautazama mkono unavyotetemeka. Akasema, "Shemeji Ngoda, nakusihi. Toboa wewe. Atakiharibu, na kisiki kingine hakuna."

Ngoda akasema, "Shemeji, mimi sijakata hata unyoya mmoja. Nikitoboa, hiki ni kiko changu."

"Afadhali kiwe chako kuliko kiwe majivu!"

"Afadhali kiwe majivu yake."

Mwantumu akatoa chuma motoni, chekundu. Hakumpa Ngoda. Alimwendea baba yake, akamkabidhi mpini. Hoza akaushika. Mkono ukatetemeka, ukatetemeka, kisha akaukaza pale kwenye kiungo, pale palipokandwa asubuhi na jioni, nao ukanyooka. Chuma kikaingia. Moshi ukapanda, mti ukalia, tsss. Ngoda alishika bila kupepesa, ingawa chuma kilimchoma kidole. Mamtoi alifumba macho. Alipoyafumbua, ncha ya chuma ilikuwa imetokea katikati ya bakuli, sawasawa, utadhani imepimwa. Watu wote wanne walikuwa wanalia, na mimi nasema walistahili kulia.

Baada ya hapo ilibaki kazi ya kutuliza roho. Hoza akakisugua kiko kwa majani ya msasa, akakipaka nta, akakisugua kwa kitambaa mpaka mistari ya mti ikajitokeza yote. Mchana mmoja, jua limetoka baada ya ukungu, akawa amemaliza. Mamtoi, Ngoda na Mwantumu walikuwa wamekaa mbele yake kwenye benchi moja, wamebanana. Hoza akakipuliza, akakitazama, kisha akaunyoosha mkono wa kulia, wote, mpaka mwisho, akakinyanyua kiko mbele ya watu watatu. Akasema, "Kiko."

Mamtoi hakunyoosha mkono. Ngoda hakunyoosha mkono. Mwantumu hakunyoosha mkono. Kiko hakiombwi! Kila mmoja alijua kimemlenga yeye, na kila mmoja alingoja apewe. Wakangoja. Mkono ukaanza kuchoka. Hoza akatabasamu, akakiweka kiko kwenye kigoda kilichokuwa katikati yao, akaegemea ukuta, akalala usingizi kwenye jua. Hakuamka.

Msiba ukalia. Watu wakaja, kaburi likachimbwa, Hoza akaoshwa akavikwa sanda. Na kiko kikawa bado kwenye kigoda, hakijawashwa, hakuna aliyekigusa. Hapo Bibi Ndekwa akainuka. Alikuwa mwanamke mkavu, hapendi maneno mengi. Akasema, "Kiko ambacho hakikuwashwa huzikwa na mchongaji wake. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Lakini hiki mchongaji alikinyanyua, alikuwa anampa mtu. Kwa hiyo leo mwiko nauondoa. Mwenye neno aseme, na aseme kabla hatujamwinua Hoza hapa."

Mamtoi akasimama. Alisema, "Mimi naitwa mke wa mchongaji, na kinywani nina udongo. Aliniahidi tukiwa vijana. Sikuomba. Mlipewa ninyi, na wewe ulipewa, na wewe pale, mimi nikawapikia chakula cha kusherehekea. Hata alipougua sikuomba. Alishika kiko cha mkono akaniambia kinauma, nami nikakinyoosha, akaning'ata, alama hizi hapa. Mkono uliochonga nimeurudisha mimi. Mkono ulionyooka kunipa nimeunyoosha mimi. Mnataka kuuzika pamoja na ahadi yangu?"

Ngoda akasimama. Alisema, "Shemeji, mkono ulikuwa nao, ni kweli. Lakini mkono bila moyo ni mti tu. Alikuwa amejikatia tamaa. Nani aliyekaa naye siku za kuharibu? Nani aliyerushiwa vipande usoni akaviokota? Vidonda hivi ni vyake, kidole hiki kilichoungua ni chake. Nilikuwa nimeshika kiko hiki tangu kisu cha kwanza, na sikuchukua hata unyoya, ili kiwe chake kweli. Ningetoboa mimi, leo hapa pangekuwa na kiko cha Ngoda, na Hoza angekufa mtu aliyemalizwa na kiharusi. Nimekula vumbi lake shimoni maisha yangu yote. Naomba nile na moshi wake."

Mwantumu akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea. Alisema, "Mama ameutengeneza mkono, baba mdogo Ngoda ameushikia mti. Mti upi? Vile vipande laini vingepasuka vyote mpaka leo. Baba alijua kitu chake kiko wapi, na alikuwa anakililia, na ninyi mlisema anasema mkono, mlisema anasema tumbaku. Mimi ndiye niliyemsikiliza kwa sarufi yake." Watu wengine wakataka kucheka, wakaona uso wake wakaacha. "Mlisema nitaacha. Sikuacha. Aliniambia mbele yenu sijawahi kumaliza kitu. Siku ile alipokinyanyua kiko akanitazama, alikuwa anarudisha neno lake. Sina jingine la kumkumbuka nalo ila lile baya. Nipeni hili lifute lile."

Mamtoi akasema, "Hakukutazama wewe, alinitazama mimi." Ngoda akasema, "Alitutazama wote, ila aliyetabasamiwa ni mimi." Wakaanza kupandishiana sauti palepale mbele ya maiti.

Ndipo mtu mmoja kutoka nyuma, sitamtaja jina maana wajukuu zake bado wapo, akasema, "Jamani, huenda neno lile halikuwa na maana yoyote. Lilikuwa ndilo lililombakia tu mdomoni. Hakumwambia mtu kitu."

Wale watatu wakamgeukia kwa pamoja. Mamtoi akamwambia nyamaza. Ngoda akamwambia nyamaza. Mwantumu akaokota jiwe. Yule mtu akatoka mbio mpaka kwake, na hilo ndilo jambo pekee ambalo watatu wale walikubaliana siku ile.

Bibi Ndekwa akakichukua kiko, akakijaza tumbaku, akakishindilia kwa kidole. Akatwaa kaa la moto kwa koleo. Wachukuzi wakainama, wakashika machela, wakamtazama. Akasema, "Nikimpa mmoja, nimewaambia wawili kwamba walimsikia vibaya mtu waliyempenda. Nikikizika, nimewaambia wote watatu. Kaa linapoa. Mimi nimekuwa mkubwa wa gogo hili siku nyingi, na leo sijui." Kisha akawageukia watu waliokusanyika, akawauliza wao.

Nami nawauliza ninyi, kwa kuwa mmekaa hapa mnanisikiliza na mna masikio mnayoyaamini. Mimi nina jibu langu na silitoi, hata mkinipa huo muwa. Je, ni nani aliyestahili kukiwasha: mke aliyeunyoosha mkono, rafiki aliyeushika mti, au binti aliyekileta kisiki? Au kiende chini na mwenyewe? Taja jina moja. Na ukishalitaja, watazame machoni wale wawili waliobaki, uwaambie: ninyi je, mlisikia nini?